Nyumba mpya Mlolongo ama ya zamani Syokimau? Soma hii kabla utoe doo

Kama simu yako imeshajua unapiga hesabu ya kununua nyumba, basi ile video umeiona. Droni inapita juu ya Mombasa Road, amapiano inagonga, dem anafungua mlango wa kioo: vyumba vitatu, kila kimoja na choo yake, lipa pole pole. Jioni, kwa grupu ya familia, auntie anatuma picha ya nyumba ya miaka 15 Syokimau. Rangi imechuja, geti ina kutu, na bei ni karibu ile ile.

Wasee wengi wa rika letu wanaruka na ile mpya bila kufikiria mara mbili. Mimi naona wanaharakisha. Kwa nyumba ya zamani unalipia kitu kimeshatokea, unaeza kukiangalia na macho. Kwa mpya unalipia kile umeambiwa kitatokea.

Anza na udongo. Kutoka Syokimau, Mlolongo, Athi River hadi Kitengela, sehemu kubwa ni ule udongo mweusi wa kushika viatu. Ukipata maji unavimba, ukikauka unapasuka. Mjengo wa maana lazima uchimbe huo udongo utoke, ubebwe na malori, ndio msingi ukalie kitu kigumu. Hiyo ni ganji mingi na haionekani kwa video. Kontrakta akiiruka, mwaka wa kwanza huoni kitu. Baadaye ufa unapanda mshazari kutoka kona ya dirisha, mlango unakataa kufunga, na taili za sebuleni zinaanza kuinuka zenyewe.

Nyumba ya miaka 15 imeshafanya huo mtihani, na matokeo yako ukutani. Imepitia pia mvua ya Aprili 2024, ile ilifurika Mlolongo, Athi River na Kitengela watu wakahama na magodoro kichwani. Kwa hivyo ukienda kuona, usishangae jikoni. Angalia ukuta pale chini, karibu na sakafu. Kama kumepakwa rangi mbichi hapo chini peke yake, kuna kitu kinafichwa. Na usiulize broka. Uliza soja wa geti, ama mathe wa kibanda ya mboga. Hao wanajua nyumba gani iliogelea.

Maji ni noma kote kote. Ya mfereji inakuja kwa mgao, na visima vingi vya huko vina chumvi. Tofauti ni kwamba kwa esteti ya zamani jirani atakuambia bila kuficha analeta lori la maji mara ngapi kwa mwezi. Kwa mpya utaambiwa tu "maji masaa 24", na hakuna mtu atakuambia ni maji gani. Fungua bomba, onja.

Sasa karatasi, na hapa hata umri wa nyumba haukusaidii. Novemba 2011 tingatinga ziliingia Syokimau zikaangusha nyumba za watu. Mamlaka ya Viwanja vya Ndege ilidai hiyo ni ardhi ya JKIA. Wenyewe walikuwa wamelipa, na karatasi walikuwa nazo. Oktoba 2023 ikarudi tena Athi River, kwa ardhi ambayo korti ilisema ni ya East African Portland Cement. Watu walilala nje ya nyumba walizojenga na pesa ya kustaafu. Kwa hivyo ukiambiwa "watu wameishi hapa miaka mingi", hiyo si hatimiliki. Mwambie wakili wako, na asiwe yule broka amekuletea, afanye sachi rasmi na asome historia yote ya hiyo ploti, asiishie kwa jina la mwisho.

Kwa nyumba ya zamani, uliza kama kuna benki inaidai, na kama bibi ama bwana wa muuzaji ameweka sahihi kukubali. Ukiona chumba cha nyongeza huko nyuma, uliza kama kaunti ilikipitisha.

Kwa mpya, hatimiliki mara nyingi ni moja ya ploti nzima, iko na developa, na yeye ameiweka benki kukopa pesa ya mjengo. Asipolipa, benki itaanza na hiyo ploti yenye keja yako iko juu. Taka barua ya benki inayosema nyumba yako itaachiliwa ukimaliza kulipa. Sheria ya 2020 inaruhusu kila mwenye fleti kupata hatimiliki yake binafsi, so uliza yako itatoka lini, na iandikwe kwa mkataba.

Halafu kuna doo zenyewe. Ya zamani, kawaida ni 10% ukisaini na salio ndani ya siku 90, pesa ikipitia kwa mawakili. Ile inajengwa, unalipia shimo. Mjengo ukisimama na bado unalipa rent ya 25,000, kila mwaka wa kungoja umekula 300,000, na hakuna mtu atakurudishia.

Kote utalipa ushuru wa stempu, 4% ukiwa mjini. Nyumba ya milioni 8 ni 320,000, na wengi wanaisahau mpaka siku ya mwisho. Muuzaji naye, tangu Januari 2023, anadaiwa 15% ya faida yake. Ndio maana anaeza kukunong'onezea muandike bei ya chini kwa mkataba. Kataa. Siku utauza wewe, faida itahesabiwa kutoka kwa hiyo bei ya uongo, na ushuru wake utalipa wewe.

Mpya iko na raha yake, sitadanganya. Nyaya za stima ni fresh, paa halivuji, na kulipa kwa vipande ndio njia pekee kwa wasee wengi. Lakini kama doo yako yote ni ya SACCO na hakuna ingine nyuma, mimi ningechukua ile ya auntie, niweke kando pesa ya paa na rangi. Kama roho imeshika mpya, basi tafuta iliyokwisha, ama developa mwenye awamu ya kwanza watu wanaishi. Enda huko Jumapili mchana, gonga milango mitatu, uliza walipewa funguo mwezi gani na waliahidiwa mwezi gani.

Na enda kama kunanyesha. Broka akikupangia siku ya jua, mwambie utampigia Aprili.