Mpira wa Gramu 2.5

Huenda pale kazini kwako ipo meza ya mpira wa meza. Imesukumwa pembeni mwa bwalo, wavu umelegea, na juu yake pamewekwa makasha ya soda. Wengi wetu huuhesabu mchezo huu kuwa wa kupitishia saa ya mapumziko tukingojea kandanda redioni. Mpira wenyewe, ule uliotumika kwa miaka mingi, ulikuwa na uzito wa gramu 2.5 tu, mtoto akiupuliza unakwenda. Lakini mpira huo mwepesi umewahi kusukuma milango ambayo majeshi na mabalozi walishindwa kuifungua.

Mchezo ulizaliwa Uingereza mwishoni mwa karne ya 19, katika nyumba za watu wenye nafasi. Baada ya chakula cha jioni sahani ziliondolewa, na wenyeji na wageni wao wakaigiza tenisi juu ya meza ile ile. Kwa asili basi ulikuwa mchezo wa walioshiba. Aliyeugeuza kuwa mchezo wa ulimwengu alikuwa kijana wa tabaka hilo hilo, Ivor Montagu, mtoto wa Lodi Swaythling, tajiri wa benki. Kijana huyu aliiacha njia ya baba yake na kuufuata ukomunisti. Mwaka 1926 alisimamia kuundwa kwa Shirikisho la Kimataifa la Mpira wa Meza, akawa rais wake mpaka mwaka 1967. Mama yake alitoa kombe la timu za wanaume, na mpaka leo linaitwa Kombe la Swaythling. Timu za wanawake hushindania Kombe la Corbillon, lililotolewa na Mfaransa Marcel Corbillon miaka michache baadaye.

Mashindano ya kwanza ya dunia yalifanyika London mwezi Desemba 1926. Yalikusudiwa kuwa ya Ulaya, lakini kwa kuwa walikuwapo wachezaji wa India, haikuwezekana tena kuyaita hivyo. Wahungaria ndio waliotamba. Roland Jacobi alishinda upande wa wanaume na Maria Mednyanszky upande wa wanawake. Baada yao akaja Viktor Barna, aliyekuwa bingwa wa dunia wa mchezaji mmoja mmoja mara tano kati ya mwaka 1930 na 1935.

Siku hizo wachezaji wengi walipenda kujihami, na kujihami kukizidi huwa adha. Mjini Prague, mwaka 1936, Alojzy Ehrlich wa Poland na Farkas Paneth wa Romania walianza mchezo wao kwa kurudishiana mpira taratibu, kila mmoja akingojea mwenzake akosee. Pointi ya kwanza peke yake ilichukua zaidi ya saa mbili! Baada ya mashindano hayo wavu ulishushwa na muda wa mchezo ukawekewa mpaka. Ehrlich huyo baadaye alitiwa na Wanazi katika kambi ya mauti ya Auschwitz, akanusurika, akarudi kucheza.

Vita vilipokwisha, mwaka 1952 mashindano yalikuja Asia kwa mara ya kwanza, mjini Bombay. Mjapani mmoja mwembamba mwenye miwani, Hiroji Satoh, alishika kibao kilichofunikwa sponji nene. Vibao vya Ulaya vilipopiga mpira vilitoa mlio, na mchezaji hodari aliweza kuusoma mpira kwa sikio. Kibao cha Satoh kilikuwa kimya, na mpira ulichomoka kama umerushwa na manati. Mabingwa walipigwa mmoja baada ya mwingine, na Japani, iliyokuwa imeangamizwa vitani miaka saba tu kabla, ikapata bingwa wake wa kwanza.

Kisha ikaja China. Shirikisho la Montagu lilikuwa miongoni mwa machache yaliyoipokea Jamhuri ya Watu wa China mapema katika miaka ya 1950, wakati milango mingine mingi ya kimataifa ilikuwa imefungwa mbele yake. Mwaka 1959 mjini Dortmund, Rong Guotuan, kijana aliyezaliwa Hong Kong, akawa Mchina wa kwanza kuwa bingwa wa dunia katika mchezo wowote. Miaka miwili baadaye mashindano yalifanyika Beijing kwenyewe, nchi ikiwa katika njaa kali, na Zhuang Zedong akatwaa ubingwa wa kwanza kati ya vitatu alivyopata mfululizo: 1961, 1963 na 1965.

Hapa msomaji niruhusu nisiipambe habari. Mapinduzi ya Utamaduni yalipoanza, timu hiyo ilivunjwa. China haikuonekana katika mashindano ya mwaka 1967 wala ya 1969. Rong Guotuan na walimu wengine wawili waliotoka Hong Kong, Fu Qifang na Jiang Yongning, walishutumiwa kuwa majasusi, wakadhalilishwa, na mwaka 1968 wote watatu wakajiua. Rong alikuwa na umri wa miaka 30. Taifa lililomshangilia ndilo lililomfikisha hapo.

Ndiyo maana Wachina waliofika Nagoya, Japani, mwezi Machi 1971 walikuwa watu waangalifu mno. Rais wa chama cha mchezo huo cha Japani, Koji Goto, alikwenda mwenyewe Beijing kuwaalika. Timu ilikuwa imeagizwa itangulize urafiki na kuyaweka mashindano nyuma. Lakini urafiki na Wamarekani ulikuwa jambo jingine. Nchi hizo mbili zilikuwa zimepigana vita Korea, na hazikuwa na uhusiano wa kibalozi tangu mwaka 1949.

Tarehe 4 Aprili kijana Mmarekani, Glenn Cowan, mwenye nywele ndefu kama walivyozipenda vijana wa siku zile, alilikosa basi la timu yake akapanda la Wachina. Kimya kikatanda. Dakika zikapita, hakuna aliyethubutu kumsemesha. Zhuang Zedong, aliyeketi nyuma, aliinuka, ingawa wenzake walimtahadharisha asijitie matatani. Alimwendea yule kijana, akazungumza naye kupitia kwa mkalimani, akampa zawadi ya kitambaa cha hariri chenye picha ya milima ya Huangshan. Waliposhuka, wapiga picha walikuwa mlangoni wakingoja.

Jambo lile lingeweza kuishia magazetini. Wizara ya Mambo ya Nje ya China ilikuwa imependekeza Wamarekani wasialikwe, na Mwenyekiti Mao Zedong alikuwa amekubali. Lakini usiku wa tarehe 6 Aprili, akiwa amekwisha kumeza dawa ya usingizi, alibadili nia na kumwamuru muuguzi wake apige simu wizarani. Tarehe 10 Aprili Wamarekani 15 walivuka kwa miguu daraja la mpakani kutoka Hong Kong. Siku nne baadaye Waziri Mkuu Zhou Enlai aliwapokea mjini Beijing, na siku hiyo hiyo Rais Nixon akatangaza kulegeza vikwazo vya biashara dhidi ya China. Mwezi Februari 1972 Nixon mwenyewe akatua Beijing.

Sisi Watanzania tusidhani kuwa kila jambo la mwaka ule lilitokana na kibao na mpira. Tarehe 25 Oktoba 1971, Umoja wa Mataifa ulipoirudishia Jamhuri ya Watu wa China kiti chake kwa kura 76 dhidi ya 35, Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoleta azimio lile, na mwakilishi wetu Salim Ahmed Salim alikuwa mmoja wa waliolipigania. Afrika haikungojea mtu akosee basi ndipo iitambue China.

Bara letu limeandaa mashindano ya dunia mara mbili tu. Mwaka 1939 yalifanyika Kairo, nchini Misri. Halafu ikapita miaka 84 mpaka Durban, Afrika Kusini, mwaka 2023. Katika muda huo mchezo uliingia katika Olimpiki, Seoul 1988. Mpira ukaongezwa kutoka milimita 38 hadi 40, na pointi za kushinda zikapunguzwa kutoka 21 hadi 11. Mwafrika wa kwanza kufika robo fainali ya Olimpiki alikuwa Quadri Aruna wa Nigeria, mjini Rio de Janeiro mwaka 2016.

Imebaki habari ya Chiba, Japani, mwaka 1991, ambayo kwangu inaigusa familia kuliko ile ya Nagoya. Rais wa Shirikisho wakati huo alikuwa Ichiro Ogimura, bingwa wa dunia wa mwaka 1954 na 1956. Kwa subira kubwa alisafiri mara nyingi Seoul na Pyongyang, mpaka Korea mbili zikakubali kuleta timu moja, kwa bendera nyeupe yenye ramani ya buluu ya rasi nzima, na wimbo wa Arirang badala ya nyimbo zao za taifa. Hyun Jung-hwa wa Kusini na Li Bun-hui wa Kaskazini walifanya mazoezi, wakala na kucheza pamoja. Katika fainali ya Kombe la Corbillon waliikabili China, iliyokuwa imelitwaa mara nane mfululizo, wakashinda kwa michezo 3 dhidi ya 2.

Mashindano yalipokwisha, kila upande ulirudi kwake, na mpaka ukafungwa nyuma yao. Mwaka 2018 mjini Halmstad, Sweden, timu za wanawake za Korea hizo mbili zilipangwa kukutana katika robo fainali. Zilikataa kuchezeana, zikaungana papo hapo, zikafungwa na Japani katika nusu fainali, na wote wakapanda jukwaani kupokea shaba.