Chuo cha Zimamoto Kifundishe Moto wa Mlimani

Kama unakaa Marangu, Kilema, Kibosho au Machame, huenda unakumbuka usiku wa Jumapili tarehe 11 Oktoba 2020. Mlima ulikuwa unawaka. Hata watu wa Moshi mjini walisimama nje ya nyumba zao na kuona mstari mwekundu huko juu.

Moto ule ulianzia Whona. Hapo ni mahali pa kupumzikia, kati ya kituo cha Mandara na kituo cha Horombo, kwenye njia ya Marangu. Shirika la Hifadhi za Taifa, TANAPA, lilisema kuwa dalili za mwanzo zilionyesha moto ulitoka kwa wapagazi waliokuwa wakipasha chakula cha wageni. Jiko dogo tu, na upepo. Siku chache baadaye zilikuwa zimeungua kilometa za mraba 95.5. Chukua mraba wenye kilometa moja kila upande. Sasa panga miraba kama huo 95 na nusu. Ndivyo eneo lililoungua lilivyokuwa kubwa.

Nani alikwenda kuuzima? Walikwenda askari wa hifadhi na watu wa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Walikwenda wanafunzi wa Chuo cha Wanyamapori cha Mweka. Walikwenda pia wanavijiji na wapagazi. Watu waliojitolea walikuwa kama 500. Wengi wao walikuwa na matawi mabichi, mapanga na majembe. Miguu yao ilikuwa na nguvu, na moyo walikuwa nao. Lakini wangapi walikuwa wamewahi kufundishwa kuzima moto wa porini?

Mwaka 2022 jambo hilo lilirudi. Tarehe 21 Oktoba moto mwingine ulizuka karibu na Karanga, mahali palipo juu sana, kiasi cha meta 4,000 kutoka usawa wa bahari. Safari hiyo pia ilichukua siku nyingi.

Leo Jeshi la Zimamoto lina chuo chake Chogo, wilaya ya Handeni, mkoa wa Tanga. Makala hii haitangazi kwamba chuo kingine kimekwisha kuamuliwa. Inauliza jambo moja: ikiwa siku moja kitapangwa chuo cha zimamoto cha kanda yetu ya kaskazini, kifundishe nini, na kimfundishe nani? Ni vema wewe uliyeko mlimani uwe na jibu lako kabla ya ramani ya majengo kuchorwa.

MAFIGA MATATU YA MOTO

Unajua chungu hukaa juu ya mafiga matatu. Ondoa figa moja, chungu kitaanguka. Moto nao una mafiga matatu. La kwanza ni kitu cha kuungua, kama nyasi au kuni. La pili ni hewa. La tatu ni joto. Mzima moto ni mtu anayejua aondoe figa lipi.

Mjini huondolewa joto. Gari linakuja, mpira wa maji unafunguliwa, nyumba inapozwa. Lakini gari la zimamoto haliwezi kufuata moto ndani ya makorongo ya Kilimanjaro, na maji yake yangekwisha upesi. Kule juu maji hubebwa mgongoni. Kwa hiyo mlimani huondolewa zaidi figa la kwanza. Watu hufyeka na kulima mstari mrefu mbele ya moto, mpaka udongo mtupu uonekane. Moto ukifika hapo unakosa chakula.

Kazi hiyo ina ujuzi wake. Moto hupanda mlima kwa kasi kuliko unavyoshuka, kwa sababu ndimi zake zinakausha majani ya juu kabla ya kuyafikia. Mtu aliyesimama juu ya moto kwenye mteremko yuko hatarini sana. Mchana upepo hupanda mlima, na usiku hewa ya baridi hushuka. Aliyelala upande ulio salama jioni anaweza kukuta mambo yamegeuka. Tena moto wa mlimani hujificha. Huingia chini, kwenye mizizi na udongo mweusi uliojaa majani yaliyooza. Juu unaona majivu, unarudi nyumbani. Kesho yake moshi umetoka mahali pengine. Lazima mtu abaki, achimbe, aguse udongo kwa nyuma ya mkono kuona kama bado una joto.

Haya hayafundishiki vizuri kwenye uwanja wa tambarare. Lazima mwanafunzi apande, akose pumzi, aumwe kichwa kwa ajili ya hewa nyepesi, ndipo ajue nguvu zake zinaishia wapi. Kwa hiyo chuo cha kanda hii kiwe karibu na mlima. Hapa Moshi wako walimu wa jirani wa kushirikiana nao: Mweka imefundisha watu wa hifadhi tangu 1963.

KWA NINI MKULIMA AJALI?

Labda utasema, “Kuleko juu ni kwa wageni na hifadhi. Mimi nina kihamba changu.” Angalia mfongo unaopita kwako. Maji yale yanatoka wapi? Juu ya msitu iko miti ya jamii ya erika, yenye majani madogo kama sindano. Ukungu ukipita unanaswa na majani hayo, unadondoka na kuingia ardhini. Miti hiyo huwaka upesi hata ikiwa mibichi. Mtaalamu Andreas Hemp, aliyechunguza mimea ya Kilimanjaro kwa miaka mingi, alieleza mwaka 2005 kwamba kuungua kwa misitu hiyo kunapunguza maji yetu kuliko kuyeyuka kwa barafu. Watu husikitikia sana barafu, kwa kuwa inaonekana kutoka mbali. Mti wa erika hausikitikiwi. Lakini maji ya migomba yako, na ya mpunga wa Mabogini huko chini, yanautegemea.

Chuo kisisahau nyumba. Mwaka 1994 bweni la wasichana liliungua Shauritanga, wilaya ya Rombo. Wanafunzi zaidi ya 40 walikufa. Kwa hiyo uwanjani kijengwe bweni la mazoezi, lenye vitanda, milango na madirisha kama ya shule zetu. Ndani kiwashwe moshi. Askari wajifunze kuingia kwa kutambaa, na walimu wa shule waje wajifunze kutoa watoto usiku.

Sasa, nani aingie chuoni? Askari bila shaka. Lakini moto wa mlimani huonwa kwanza na mpagazi, mrina asali na mama anayekata majani ya ng’ombe. Hao wapewe kozi fupi ya siku chache. Vyombo vingine wanavijua tayari. Bomba la mgongoni linalopulizia dawa ya kahawa linafanana sana na lile la mzima moto wa porini. Likioshwa vizuri na kujazwa maji, linafaa kuzima makaa yaliyobaki. Na watu wetu wanajua kuitana. Mfongo ukibomoka, msaragambo unapigwa na kila nyumba inatoa mtu.

Liko swali ambalo wapangaji wa mambo haya hupenda kuliruka. Mwanakijiji akiungua akizima moto wa mlima, nani atamlipia matibabu? Nani atamnunulia buti? Hilo liandikwe mapema, kabla ya kuandika rangi ya magari.

Na liko swali la mwezi. Moto mkubwa huja mwishoni mwa kiangazi, Septemba na Oktoba, kabla ya mvua za vuli. Miezi hiyo mikono mingi iko kwenye kahawa. Ukimwita mkulima kozini wakati kahawa yake imeiva, hatakuja, na hatakosea. Juni ingefaa zaidi. Masika imekwisha, kahawa nyingi bado ni mbichi, na nyasi za kufyeka kwenye mistari ya kuzuia moto bado hazijakauka.