Si Kila Mama Asahauye ni Mzembe

Katika nyumba nyingi za Mbulu na Hanang asubuhi huanza kwa baridi na moshi. Mama huinuka kabla ya jua, hukoka moto, huteleka maziwa, huwaamsha watoto wa shule, na huku amekwisha kuanza kufikiri habari za kuni, maji, palizi na mnada wa kesho. Kazi hizo hazikuandikwa mahali popote, wala hazina msimamizi. Zimehifadhiwa kichwani mwake tu. Basi na tuulize: itakuwaje ikiwa kichwa hicho kimeumbwa kwa namna ambayo hakiwezi kushika mambo mengi kwa mpango?

Tuchukue mfano. Mama ateleka maziwa, kisha ashika ufagio. Katikati ya kufagia aona sketi ya mtoto imechanika. Auweka ufagio chini ili atafute sindano. Kikapuni akuta maharage hayajachambuliwa, aanza kuyachambua. Ungo umeazimwa na jirani, kwa hiyo atoka kuufuata, na huko azungumza habari tatu ambazo hakuna hata moja iliyofika mwisho. Arudipo, maziwa yamemwagikia motoni, mbuzi wameingia shamba la watu, na sketi bado ina tundu. Jioni mume auliza, "Umeshinda ukifanya nini?" Naye hana jibu, maana kwa kweli ameshinda akifanya kazi, wala hakupumzika.

Kila mtu hupatwa na siku kama hiyo. Sisi twamsema yule ambaye maisha yake yote ni siku kama hiyo. Kadi ya kliniki ya mtoto hupotea kila mwezi. Fedha hufungwa katika pindo la kanga, kisha kanga yenyewe haikumbukwi ni ipi. Katika kikundi cha kuweka na kukopa hulipa faini ya kuchelewa mara kwa mara, ingawa fedha za hisa anazo. Huanza kusuka kikapu akasahau kula hata jua likatua, na wiki inayofuata kikapu hicho hakitaki hata kukitazama. Lakini ng'ombe akishikwa na uchungu wa kuzaa usiku wa manane, ndiye aliye mwepesi kuliko wote, mwenye akili iliyotulia, ajuaye la kufanya.

Hali hiyo madaktari wanaifahamu. Huiita kwa kifupi ADHD, nayo ni upungufu wa umakini unaoweza kuambatana na mwili usiotulia na papara ya maneno au matendo. Si ugonjwa wa kurogwa, wala si matokeo ya malezi mabaya. Mtu huanza nayo utotoni, na mara nyingi hurithiwa katika ukoo. Kwa makadirio ya wataalamu, watu wazima wawili au watatu katika kila mia wanayo.

Kwa nini basi haionekani kwa wanawake? Daktari George Still alipoeleza watoto wa namna hii mjini London mwaka 1902, wengi wao walikuwa wavulana, na kwa muda mrefu tangu hapo macho ya waganga na ya walimu yamebaki kwa mvulana arukaye juu ya madawati. Msichana mwenye hali hiyo hiyo aghalabu huketi kimya nyuma ya darasa akitazama dirishani. Hamsumbui mtu. Mwalimu huandika kwamba hana bidii, naye huliamini neno hilo mpaka aolewe nalo. Msukosuko wake umo ndani, katika fikira zisizotua, wala hauonekani miguuni. Akisha kuwa mama, hujifunza kuficha: huamka usiku kumaliza yaliyomshinda mchana, na huomba radhi hata pale asipokosa.

Hapa hatuna budi kusema jambo moja linalotuhusu sisi wanaume. Mume naye husahau. Husahau jembe shambani, husahau ahadi, hutafuta kofia iliyo kichwani pake. Lakini kusahau kwake kuna mtu wa kukuziba, naye ni mkewe. Kusahau kwa mke hakuna wa kukuziba, ndiyo maana kwake huitwa uzembe.

Na uzembe huo una adhabu yake. Wako wanaotukanwa mbele ya watoto, wako wanaorudishwa kwao, wako wanaopigwa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 imesema wazi katika kifungu cha 66 kwamba hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake kwa kumwadhibu. Balozi wa nyumba kumi aletewapo shauri la mke "asiyejua kutunza nyumba", yampasa aulize kwanza: alikuwa hivi tangu utoto? Yuko hivi nyumbani tu, au hata kanisani, shambani na dukani?

Maswali hayo si ya kubuni. Mwongozo wa madaktari wa Marekani wa mwaka 2013 wataka dalili ziwe zimeanza kabla ya umri wa miaka 12, zionekane mahali zaidi ya pamoja, na ziharibu maisha ya mtu. Maana si kila anayesahau ana hali hii. Upungufu wa damu, ugonjwa wa tezi ya shingo, sonona, aina fulani ya kifafa, au kukosa usingizi kwa ajili ya mtoto mchanga, vyote huchafua kumbukumbu. Na mama abebaye maji kutoka mbali huku ananyonyesha huenda amechoka tu. Dawa yake ni kupunguziwa mzigo.

Hospitali ya Haydom imekuwapo Mbulu tangu mwaka 1955. Katika eneo hilo kifafa kiliwahi kuchunguzwa kwa kupita nyumba kwa nyumba na kuuliza, maana lililofichwa nyumbani huulizwa nyumbani. Dawa za kusaidia umakini zipo duniani, lakini iliyo maarufu, methilfenideti, ilikataliwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 na tena mwaka 2021 kuingizwa katika orodha ya dawa muhimu. Basi haifai kumwambia mama wa Katesh au Dongobesh kwamba asubiri kidonge.

Msaada ulio karibu ni mpangilio. Kadi ya kliniki itundikwe msumarini karibu na mlango, isitolewe hapo ila kwa safari ya kliniki. Fedha zikae katika kopo moja. Mwenzake wa kikundi ampitie njiani siku ya mkutano, waende pamoja. Maziwa yakiwa motoni, achambue maharage papo hapo jikoni, asiinuke mpaka yachemke. Na kama kuna ulazima wa kuinuka, mume aliyeketi akiota moto aweza kuyatazama.