Vifaa vya Kujitengenezea kwa Fundi wa Lori la Dizeli

Askari wengi, wa jeshi na wa polisi, wanapokaribia kustaafu huanza kutafuta chombo kitakachowalisha baada ya kuvua sare. Mmoja hununua ng'ombe, mwingine hufungua duka, na wa tatu huunganisha akiba yake na ya ndugu zake wakanunua lori kuukuu la dizeli la kubebea mchanga, matofali au ndizi. Lori hilo likifanya kazi, nyumba hula. Likilala wiki moja, karo ya shule huanza kuwa hadithi. Ndipo mwenye lori anapoamua kulitengeneza mwenyewe uani kwake, akagundua ya kwamba spana na nyundo alizo nazo hazitoshi, na ya kwamba vifaa maalumu vya kiwanda vina bei isiyoshikika.

Kabla ya kuendelea yafaa neno moja lisemwe wazi. Vifaa vilivyomo katika karakana ya kikosi ni mali ya umma, navyo havina ruhusa ya kwenda nyumbani, hata kwa usiku mmoja. Askari anayetoka langoni na spana ya kupimia mkazo ndani ya begi ameiba, na gari la kikosi litakalohitaji spana hiyo alfajiri huenda likawa ndilo litakalowabeba wenzake. Kwa hiyo njia iliyobaki ni mbili: kununua au kujitengenezea. Makala hii yaeleza ni kifaa kipi kinafaa kutengenezwa kwa mkono, na kipi kisithubutiwe.

Kanuni tunayoitoa ni fupi. Kabla ya kutengeneza kifaa chochote, jiulize: kikivunjika, kitavunja nini? Ikiwa kitakachopotea ni saa mbili za kazi, kitengeneze. Ikiwa kitakachopotea ni mkono, jicho au uhai wa mtu, kinunue, kiazime kwa fundi mwaminifu, au umpelekee yeye kazi hiyo.

Ubunifu si jambo geni kwa askari. Mwezi wa Julai 1944, huko Normandy nchini Ufaransa, vifaru vya Marekani vilishindwa kupenya nyua za udongo na miti zilizozunguka mashamba. Sajini Curtis Culin akatengeneza meno ya chuma ya kufungwa mbele ya kifaru, na vyuma vingi vya kazi hiyo vilipatikana katika vizuizi ambavyo Wajerumani walikuwa wamevisimika ufukweni. Lakini meno hayo yalijaribiwa kwanza, mbele ya Jenerali Omar Bradley, ndipo amri ikatoka ya kuyatengeneza kwa wingi. Huo ndio utaratibu wa kijeshi: kubuni, kujaribu, kisha kutumia.

Kwa nini dizeli ihitaji vifaa vyake

Injini ya petroli huwashwa kwa cheche ya plagi. Injini aliyoibuni Rudolf Diesel, na iliyofaulu majaribio yake mjini Augsburg, Ujerumani, mwaka 1897, haina cheche. Pistoni huibana hewa hata ikawa ya moto mkali, kisha mafuta hupulizwa ndani yake yakawaka yenyewe. Tangu mwaka 1927 kampuni ya Bosch ilipoanza kutengeneza kwa wingi pampu za kupulizia dizeli, malori yaliweza kuitumia injini hiyo kwa urahisi.

Katika malori ya zamani ambayo bado yanaonekana barabarani, kama Mercedes-Benz yenye injini ya OM352 ya silinda 6 na lita 5.7, nozeli hufunguka mafuta yakifikia shinikizo la kiasi cha mara 200 ya hewa tunayoivuta. Mifumo ya kisasa inayoongozwa kwa kompyuta hupita mara 1,500. Tena, visukumio vilivyomo ndani ya pampu vimechongwa kwa usahihi wa elfu chache za milimita, ilhali unywele wa mtu una unene wa elfu sabini hivi. Kwa hiyo maadui wakubwa wa dizeli ni watatu: uchafu, hewa na kipimo kibaya. Vifaa vyote tutakavyovitaja vyapigana na mmojawapo wa hao.

Vifaa vinavyofaa kutengenezwa

Cha kwanza ni boliti za kuongozea. Silinda hedi ni nzito, na mtu akiishusha kwa mikono mitupu huiburuza juu ya gasketi mpya na kuiharibu. Chukua boliti mbili kuukuu za hedi hiyo hiyo, uzikate vichwa kwa msumeno wa chuma, uzilainishe kwa tupa, kisha uchonge mfereji mdogo juu ili bisibisi ipate pa kushika. Zikisimamishwa kwenye pembe mbili za bloku, hedi hushuka sawasawa mahali pake. Hedi ikishakaa, zitolewe na boliti kamili zifungwe. Boliti ndefu za namna hiyo hufaa pia kurudishia giaboksi, ambayo ikiachwa ining'inie juu ya shafti yake huipinda sahani ya klachi.

Cha pili ni shafti kuukuu ya giaboksi. Shafti hiyo, hata kama gia zake zimekwisha, ikiwa ni ya giaboksi ya aina ile ile huingia katika sahani ya klachi na kuiweka katikati kabisa wakati boliti zinapokazwa. Fundi asiye nayo hukisia kwa macho, akashinda mchana kutwa chini ya gari akisukuma giaboksi isiyotaka kuingia.

Cha tatu ni kibati cha kubania ringi za pistoni. Kata ukanda wa debe, ulainishe kingo zake, uuzungushe juu ya ringi zilizopakwa oili, kisha uubane kwa klipu ya mpira wa maji. Pistoni husukumwa polepole kwa mpini wa nyundo. Ikigoma usiipige, kwa maana pana ringi iliyojitokeza. Ukiipiga ringi itavunjika, na kipande chake kitachora silinda.

Cha nne ni mpira mwembamba unaoonyesha kilicho ndani. Injini ikiwaka na kuzimika, funga kipande cha mpira huo kwa muda kati ya filta na pampu ya nozeli, ambako shinikizo ni dogo. Mapovu yakipita, ujue hewa inaingia upande wa tangi: kwenye kiungio kilicholegea, bomba lenye ufa au gasketi ya filta. Kazi ikiisha mpira huo utolewe, kwa kuwa dizeli na joto huuharibu.

Cha tano, ambacho mafundi wa zamani walikithamini sana, ni bomba la shingo ya bata la kupimia wakati wa kupuliza. Hufanywa kwa kipande cha bomba kuukuu la nozeli kilichopindwa kama shingo ya bata, nati yake ikiwa bado nzima. Kwenye pampu ya mstari, valvu ya silinda ya kwanza hutolewa pamoja na springi yake, kishikio hurudishwa na bomba hilo hufungwa juu yake. Pampu ikiwa katika hali ya kutoa mafuta kamili, dizeli huletwa kwa pampu ya mkono huku injini ikizungushwa polepole kuelekea upande wake wa kawaida. Mkondo wa mafuta unapokatika na kuwa matone, hapo ndipo upulizaji unapoanza. Alama ya wakati huo hulinganishwa na kitabu cha mtengenezaji. Kipande hiki cha takataka hufanya kazi ambayo macho hayawezi.

Cha sita ni pula ya laina za silinda: sahani ya chuma inayoshika laina kutoka chini, nondo yenye uzi inayopita katikati, na daraja la chuma juu ya bloku. Nati ikikazwa, laina hupanda kidogo kidogo bila kupigwa. Cha saba ni spana ya nati kubwa ya habu, iliyochongwa kwa bomba zito. Hiyo ni bora mara nyingi kuliko patasi na nyundo, ambazo huiharibu nati na kuangusha vipande vya chuma ndani ya beringi.

Pamoja na hivyo, fundi awe na vifuniko safi vya kuziba ncha za mabomba na nozeli mara tu zinapofunguliwa. Matambara yenye nyuzi yasisogezwe hapo.

Kazi ya kupima

Watu wengi hukaza boliti za hedi kwa kubandika bomba refu kwenye spana na kuvuta hata mshipa wa shingo usimame. Hiyo ni nguvu tu, na si kipimo. Boliti moja hukazwa mno ikanyooka, nyingine ikaachwa legevu, na gasketi huungua baada ya safari ya pili.

Hata hivyo hesabu yenyewe si ngumu. Mkazo ni nguvu mara urefu wa mkono wa spana. Mizani ya springi ya kuning'iniza ikifungwa nusu mita kutoka katikati ya boliti, na ikavutwa kwa pembe ya mraba hadi isome kilo 20, boliti imepata mkazo wa kilo 10 kwa mita, ambao vitabu vingi huuandika kuwa Nm 98. Njia hii yafaa kwa boliti za kawaida. Kwa hedi na kwa beringi za krenki, tafuta spana halisi ya kupimia, na ufuate mpango wa kukaza uliomo kitabuni.

Vivyo hivyo geji ya kupimia mbano wa injini ya petroli isitumiwe kwenye dizeli. Mbano wa dizeli ni mkubwa zaidi sana, nao utaipasua.

Mahali ambapo ubunifu huua

Sasa twafika mahali ambapo tunaomba msomaji asome polepole.

Jeki huinua gari, lakini haiwezi kuaminiwa kulishikilia. Gari likishainuliwa likalishwe juu ya stendi madhubuti au magogo ya mti mgumu yaliyopangwa kwa kupishana, na magurudumu yaliyobaki chini yazuiwe kwa kabari. Matofali hupasuka ghafla bila kuonya. Na bodi la tipa lililoinuliwa lisiingiwe chini yake mpaka lizuiwe kwa gogo au nguzo ya chuma, hata kama kazi ni ya dakika moja.

Injini ya lori huweza kuzidi kilo 400. Anayeinyanyua kwa miguu mitatu ya mabomba aifunge miguu hiyo kwa mnyororo chini isitawanyike, kisha aijaribu kwa mzigo kabla ya kuiamini. Pipa moja la lita 200 lililojaa maji hupita kilo 200. Mapipa mawili yakininginizwa kimo cha kiganja kutoka ardhini hutoa ushahidi wa kutosha, na yakianguka hayamwui mtu.

Tairi lenye rimu ya vipande na ringi ya kufungia ni mzinga. Ringi isipokaa vizuri hurushwa kwa nguvu inayoweza kukata kichwa. Nchini Marekani kanuni ya kazi ya mwaka 1980 iliamuru matairi hayo yajazwe ndani ya kizimba cha chuma, kwa mpira mrefu, fundi akiwa amesimama kando. Nasi twasema hivyo hivyo: yapelekwe kwenye kizimba, na hewa yote itolewe kabla ya kugusa ringi. Mnyororo wa kukisia si kizimba.

Nozeli isijaribiwe kwa kushikwa mkononi. Mafuta yanayotoka hupenya ngozi kama sindano, na tundu lake dogo huonekana si kitu. Baada ya saa chache mkono huanza kuoza. Aliyechomwa hivyo aende hospitali papo hapo na aseme wazi ni dizeli. Kulegeza nati za nozeli moja moja ili kutafuta silinda iliyokufa ni mbinu ya pampu za zamani tu. Katika mfumo wa kisasa ni hatari kubwa.

Tangi au pipa lililowahi kushika mafuta lisichomelewe nyumbani, hata likiwa tupu, kwa sababu mvuke uliobaki ndani hulipuka. Na chemba ya breki yenye springi isifunguliwe bila boliti yake maalumu ya kuibana springi hiyo.

Mwisho, kifaa kimoja cha bure ambacho kila mwenye lori anapaswa kuwa nacho: ubao mpana uliogongomewa mpira. Injini iliyotoka kufunguliwa pampu huweza kukwama ikipulizwa mafuta mengi, ikapandisha mwendo bila kutii ufunguo. Wengi hukimbia. Aliyejitayarisha huuziba mdomo wa hewa kwa ubao huo, kamwe si kwa kiganja, na injini ikikosa hewa huzimika. Basi kabla ya kuiwasha kwa mara ya kwanza, filta ya hewa iwe imetolewa, ubao uwe mkononi mwa msaidizi, na watoto wawe wamepelekwa nyuma ya nyumba.