Uvujaji wa Mipira ya Haidroliki katika Malori ya Tipa: Kinga, Ukarabati na Nafasi ya Kiswahili katika Gereji za Thika na Ruiru

Utangulizi

Miji ya Thika na Ruiru imejengwa kwa mawe yaliyochimbwa karibu nayo. Kwa miaka mingi, machimbo ya Ndarugo na Juja yamekuwa yakitoa mawe na kokoto, na ujenzi wa barabara kuu ya Thika baina ya mwaka 2009 na 2012 ulifuatwa na ongezeko kubwa la majumba ya kupangisha kandokando yake. Kokoto, mchanga na changarawe husafirishwa kwa malori ya tipa, na palipo na malori hapakosi gereji. Isitoshe, Thika si mgeni wa magari: mnamo mwaka 1974 kilianzishwa huko kiwanda cha kuunganisha magari kwa jina la Leyland Kenya, ambacho baadaye kiliitwa Kenya Vehicle Manufacturers.

Mtu anayelitazama tipa likimwaga mzigo huona bodi ikiinuka polepole na kokoto zikiporomoka. Asichokiona ni mpira mwembamba unaopitisha oili kutoka kwenye pampu hadi kwenye jeki inayoinua bodi hiyo. Mpira huo ukivuja, kazi husimama. Ukivuja mbele ya mtu asiyeijua hatari yake, huweza kumpotezea mkono au uhai. Makala hii inanuia kueleza jinsi mpira huo unavyofanya kazi, kwa nini huvuja, na namna ya kuuzuia na kuushughulikia uvujaji. Aidha, inadai kwamba maarifa haya hayatamfikia anayeyahitaji iwapo hayatasemwa kwa Kiswahili kinachoeleweka.

Namna oili inavyoinua mzigo

Msingi wa jambo hili ni kanuni ya mwanasayansi Mfaransa Blaise Pascal wa karne ya 17: kimiminika kilichofungiwa kikishinikizwa mahali pamoja, shinikizo hilo huenea kila upande kwa kiwango sawa. Mnamo mwaka 1795, Mwingereza Joseph Bramah alipata hataza ya mashine ya kushindilia iliyotumia kanuni hiyo. Mifumo ya haidroliki tunayoiona leo katika tipa, katapila na hata magari madogo ya anasa yenye paa la kukunjwa hufuata kanuni iyo hiyo.

Tuchukue mfano. Gurudumu la gari dogo huwa na shinikizo la takriban kilo 2 kwa kila sentimita mraba, na la lori takriban kilo 8. Katika mfumo wa tipa, shinikizo la kilo 150 kwa kila sentimita mraba si jambo la ajabu. Jeki yenye kipenyo cha sentimita 14 ikipata shinikizo hilo, husukuma kwa nguvu ya kuinua takriban tani 23. Nguvu yote hiyo hutegemea oili isipate pa kutokea.

Sababu za uvujaji

Mpira wa haidroliki si sawa na mpira wa kumwagilia bustani. Una tabaka tatu: bomba la ndani linaloihifadhi oili, tabaka moja au zaidi la nyuzi za chuma zilizosukwa ili kuhimili shinikizo, na gamba la nje linalozikinga nyuzi hizo dhidi ya maji, jua na msuguano. Udhaifu wa tabaka moja huyadhuru mengine.

Sababu ya kwanza ya uvujaji ni msuguano. Mpira unaogusa chasisi husagika kila lori linapotikisika katika njia mbovu za machimboni. Gamba likiisha, nyuzi za chuma hupata unyevu na kushika kutu, na siku moja hukatika kwa pamoja. Ya pili ni kujikunja au kujisokota kupita kiasi, hasa karibu na kiungo cha chuma. Mpira hubadilika urefu unaposhinikizwa; huweza kufupika hadi asilimia 4 au kurefuka hadi asilimia 2. Uliofungwa ukiwa umevutwa kabisa utajing'oa wenyewe kutoka kwenye kiungo chake. Ya tatu ni joto. Mpira uliopitishwa karibu na bomba la moshi hukauka, hukakamaa na kupasuka nyufa ndogondogo. Ya nne ni oili isiyofaa. Oili ya breki, kwa mfano, si ya jamii moja na oili ya haidroliki, na ikichanganywa nayo huweza kuvimbisha au kulainisha sehemu za mpira zinazozuia kuvuja. Hatimaye kuna uzee, ambao hauna dawa ila kubadilisha.

Kinga

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Kinga ya mpira wa haidroliki huanza kwa macho. Kila asubuhi, kabla ya injini kuwashwa, dereva hana budi kutazama kama kuna oili iliyodondoka chini, gamba lililochubuka, nyuzi zilizojitokeza, uvimbe, au unyevu penye viungo. Mpira wowote wenye nyuzi za chuma zinazoonekana umekwisha kazi yake, hata kama bado hauvuji. Mipira ifungwe kwa vishikizo mbali na chasisi na bomba la moshi, iachiwe ulegevu kidogo, na kila mkunjo uwe wa duara pana. Oili nayo ichujwe na kubadilishwa kwa wakati, kwani vumbi la machimboni likiingia ndani husaga pampu, vali na jeki.

Kuutafuta mvujo

Hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko zote. Tundu dogo kama ncha ya sindano hutoa uzi wa oili mwembamba mno, pengine usioonekana kwa macho. Fundi huona unyevu, kisha hupapasa kwa kidole ili ajue unakotoka. Uzi huo huweza kupenya ngozi na glavu na kuingiza oili ndani ya nyama. Jeraha lake huonekana kama la kudungwa na mwiba, na maumivu ya mwanzo huweza kuwa madogo, hivyo mtu hujipangusa na kuendelea na kazi. Saa chache baadaye mkono huvimba, na tishu huanza kufa. Wapo waliokatwa vidole au mkono mzima kwa sababu ya kuchelewa.

Kwa hivyo, mvujo hautafutwi kwa mkono. Hutafutwa kwa kupitisha kipande cha katoni au ubao kando ya mpira, mtu akiwa amesimama mbali na kuvaa miwani ya kinga. Aliyedungwa apelekwe hospitalini papo hapo, kama vile Hospitali ya Thika Level 5, hata kama hana maumivu, na daktari aelezwe waziwazi kwamba ni oili iliyoingia kwa shinikizo, pamoja na aina yake. Hili ni suala la upasuaji wa dharura, halingoji kesho.

Hatari ya pili ni bodi yenyewe. Bodi iliyoinuliwa ikishikiliwa na oili pekee haina mshikaji. Mpira ukipasuka, huweza kushuka ghafla. Mtu asiingie chini yake kabla ya kuishusha, au, ikiwa tupu, kabla ya kuitegemeza kwa nguzo imara ya chuma.

Ukarabati

Kwa ufupi, mpira wa haidroliki haushonwi wala haufungwi kwa ukanda wa tyubu kuukuu. Kifungio hicho hakiwezi kuhimili kilo 150 kwa kila sentimita mraba. Huficha tundu tu. Ukarabati halisi ni kubadilisha. Injini huzimwa, bodi hushushwa au kutegemezwa, na wenzo wa vali husogezwa huku na huku ili kuondoa shinikizo lililobaki. Mpira wa zamani hupimwa urefu, kipenyo cha ndani na aina ya viungo, kisha maandishi yaliyochapwa juu yake husomwa ili upatikane wa kiwango sawa cha shinikizo. Viungo vipya hubanwa kwa mashine maalumu, si kwa nyundo. Kabla ya kufungwa, mpira husafishwa ndani. Baada ya kufungwa, oili huongezwa na bodi huinuliwa ikiwa tupu mara kadhaa ili hewa itoke. Oili iliyomwagika ikusanywe. Ikiachwa, mvua huipeleka katika mito Ruiru, Ndarugo na Chania.

Suala la istilahi

Katika mazungumzo ya gereji, neno "mpira" au "paipu" hutumiwa kwa kila kitu chenye tundu ndani, kiwe cha maji, cha hewa au cha oili. Neno moja likitaja vitu vitatu, akili nayo huvidhania kuwa sawa. Ndiyo maana fundi hupapasa mpira wa oili kama anavyopapasa wa maji. Kadhalika, "presha" ni ya gurudumu, ya oili na ya mgonjwa. Istilahi za fizikia zilizosanifiwa Tanzania zina "kanieneo", na wengi wetu husema "shinikizo", lakini maneno haya hayajafika penye spana. Kwa upande mwingine, maonyo yaliyobandikwa kwenye mashine huja kwa Kiingereza au kwa lugha nyingine ya kigeni.

Katiba ya mwaka 2010 iliifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya Kenya, sambamba na Kiingereza. Hadhi hiyo haina maana kwa fundi ikiwa onyo linaloweza kuuokoa mkono wake haliko katika lugha anayoifanyia kazi. Baina ya Ruiru na Thika, pale Juja, kipo Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta. Wahandisi hawako mbali na wanaisimu. Yafaa tuanze kwa kuokota maneno ya mafundi wenyewe, tuyapambanue kwa vivumishi vidogo kama "mpira wa shinikizo", na tuyarudishe kwao katika mabango mafupi.

Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba uvujaji wa mpira wa haidroliki huzuilika kwa ukaguzi wa kila siku, na kwamba tiba yake ni kubadilisha, si kufunga. Bango la kwanza linaweza kuandikwa leo kwa maneno manne: "Usipapase. Tumia katoni. Tegemeza." Msomi wa Kiswahili atakayelibandika katika gereji moja ya Ruiru atakuwa ameitumikia lugha pamoja na watu wake.