Hifadhi kazi zako za kompyuta kabla hujachelewa

KOMPYUTA ya nyumbani siku hizi hubeba mambo mengi ambayo zamani yaliwekwa kabatini: picha za harusi, nakala za vyeti, barua za kuombea kazi, hesabu za duka na kumbukumbu za kikundi cha kuweka na kukopa.

Hata hivyo, kompyuta inaweza kuibwa, kuanguka, kuharibika au kushambuliwa na virusi, na kumbukumbu za miaka kumi zikatoweka kwa siku moja.

Wengi wanaofikwa na balaa hilo wanajua vema kuandika barua na kutazama picha. Wasichokijua ni mahali hasa kazi zao zinapokaa.

Kompyuta ina sehemu mbili za kuwekea taarifa. Ya kwanza ni kumbukumbu ya muda, ambayo mafundi huiita RAM. Hii hushika kazi inayofanyika wakati huo, na umeme ukikatika hupoteza kila kitu. Ya pili ni diski kuu, ambayo hutunza taarifa hata kompyuta ikizimwa kwa miezi kadhaa.

Barua iliyoandikwa kwa saa nzima bila kuhifadhiwa huwa bado haijafika mahali pa kudumu. Kwa sababu hiyo, andiko lipewe jina linaloeleweka tangu mstari wa kwanza, kwa mfano "Hesabu za duka Machi", kisha kila baada ya aya moja au mbili mwandishi abonyeze kwa pamoja vitufe vya Ctrl na S.

Ni kweli kwamba programu ya Microsoft Word, kwa mpangilio wake wa kawaida, hujiwekea nakala ya dharura kila baada ya dakika 10. Lakini kwa mtu anayeingiza tarakimu za mauzo, kurudia kazi ya dakika 10 si jambo dogo.

Jambo la pili ni kufuta. Faili linalofutwa kutoka diski kuu kwa kawaida huenda kwanza katika kapu la taka, na mwenyewe anaweza kulirudisha. Kwa upande mwingine, faili linalofutwa kutoka kwenye flashi kwa kawaida halipitii katika kapu hilo, na wengi hutambua tofauti hiyo wakiwa wamekwisha kuchelewa.

Hata hapo matumaini huwapo. Mara nyingi kompyuta inapofuta faili huondoa tu jina lake katika orodha na kuhesabu nafasi ile kuwa tupu. Yaliyomo hubaki mpaka faili jingine liandikwe juu yake. Kwa hiyo, aliyefuta kitu kwa bahati mbaya aache mara moja kutumia kifaa hicho na akipeleke kwa fundi. Katika diski za kisasa zisizo na bamba linalozunguka, nafasi ya kufanikiwa ni ndogo zaidi, kwani nyingi husafisha nafasi zilizoachwa wazi muda mfupi baada ya kufuta.

Tahadhari kama hiyo inahitajika kwa virusi vinavyosambazwa na flashi katika maduka ya kuchapisha na kutoa nakala. Aina moja iliyoenea sana huficha mafolda yote na kuweka mahali pake alama za njia ya mkato. Mwenye flashi hudhani kazi zake zimepotea, akakubali flashi isafishwe upya. Ukweli ni kwamba kwa kawaida mafaili yangalipo, ila yamefichwa, na programu ya kuzuia virusi pamoja na fundi makini huweza kuyafichua. Kusafisha flashi ndiko kunakoyapoteza.

Kinga ya kweli ni kuwa na nakala zaidi ya moja. Mpigapicha wa Marekani, Peter Krogh, alieneza kanuni inayojulikana kama "tatu, mbili, moja": nakala tatu za kila kitu muhimu, katika vifaa vya aina mbili tofauti, na moja kati ya hizo ikae nje ya nyumba.

Kanuni hiyo haihitaji fedha nyingi. Nakala ya kwanza ni ile iliyomo ndani ya kompyuta. Ya pili iwekwe katika diski ya nje au flashi isiyotumika kwa kazi nyingine. Ya tatu inaweza kukaa kwa ndugu anayeaminika, au katika hifadhi ya mtandaoni. Google, kwa mfano, humpa kila mwenye akaunti gigabaiti 15 bila malipo. Kwa picha za simu zenye wastani wa megabaiti 4, nafasi hiyo hutosha zaidi ya picha 3,000, ingawa barua pepe nazo huhesabiwa humo.

Asiye na bando la kutosha aanze na hati, kwa kuwa ni nyepesi kuliko picha na video.

Wakati wa kutengeneza nakala, ni lazima kutofautisha kunakili na kuhamisha. Vitufe vya Ctrl na C hunakili, na faili la awali hubaki mahali pake. Ctrl na X huhamisha, na baada ya hapo mwenyewe anabaki na faili lile lile moja katika mahali papya. Aidha, flashi isichomolewe kabla kompyuta haijaelezwa kuiachia, kwani uandishi unaweza kuwa haujakamilika.

Diski ya akiba nayo isiachwe imechomekwa. Mei 12, 2017, programu haribifu iliyoitwa WannaCry ilianza kufunga mafaili ya watu na kudai fidia, ikakumba kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150. Microsoft ilikuwa imetoa kiraka cha kuizuia tangu Machi mwaka huo, lakini wengi hawakukiweka. Programu za namna hiyo huweza kufunga pia mafaili ya diski iliyounganishwa na kompyuta. Iliyomo kabatini haziifikii.

Mwisho, nakala isiyojaribiwa haiaminiki. Angalau mara moja kwa mwezi, fungua mafaili machache kutoka diski ya akiba, katika kompyuta nyingine ikiwezekana, uone kama yanasomeka.

Wahenga walisema tahadhari kabla ya hatari. Kwa anayeanza leo, folda moja inatosha: ile yenye vitu ambavyo, vikipotea, hakuna duka la kuvinunua tena.