Uvumi Dhidi ya Wauguzi: Jinsi ya Kulinda Jina la Mhudumu na Haki ya Mgonjwa

Tangu huduma za afya zigatuliwe mwaka 2013, wauguzi wengi wanaohudumu katika zahanati, vituo vya afya na hospitali za umma ni waajiriwa wa serikali za kaunti. Hufanya kazi kwa zamu, wakipokezana wagonjwa, madaftari na funguo za kabati la dawa. Katika kazi ya namna hiyo, neno lisilo na ushahidi linaweza kuanzia kwenye chumba cha chai asubuhi na kufika sokoni kabla ya jua kutua.

Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Hospitalini methali hiyo haitoshi kumhukumu mtu. Kinachotakiwa ni kujua nani aliona nini, lini, na rekodi zinasema nini.

Madhara ya uvumi

Chukua mfano wa muuguzi aliyechomwa na sindano iliyokwisha kutumika. Anapaswa kuosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka, kisha kuripoti mara moja. Ikionekana yuko hatarini, huanzishiwa dawa za kuzuia maambukizi ya VVU haraka iwezekanavyo, kabla ya saa 72 kupita, na huzimeza kwa siku 28.

Mwenzake akiiona chupa ya dawa hizo mkobani, anaweza kukisia na kuwanong'onezea wengine kwamba muuguzi huyo ana virusi. Habari ikienea, muuguzi mwingine atakayechomwa baadaye huenda akaogopa kuripoti, na saa 72 zikapita. Wagonjwa nao wanaweza kuacha kwenda kliniki wakiwaza kwamba kama wahudumu wanasemana hivyo, siri zao pia haziko salama.

Hata kama muuguzi anaishi na VVU, hilo si kosa kazini. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti VVU na Ukimwi ya mwaka 2006 inakataza kufichua hali ya mtu bila idhini yake na kumbagua mfanyakazi kwa sababu ya hali hiyo.

Porojo na tuhuma ni vitu viwili

Porojo huhusu maisha ya mtu: ndoa yake, madeni yake, anayeandamana naye. Mara nyingi hupungua muuguzi anapozungumza faraghani na aliyeyasema, kwa sauti ya upole: "Dada, nimesikia jambo hili limetoka kwako. Si kweli, na linaniumiza. Ukiwa na swali, niulize mimi."

Tuhuma ni jambo zito zaidi, kwa kuwa huhusu kazi yenyewe: kuiba dawa, kuomba hongo, kumpuuza mgonjwa. Tuhuma haimalizwi kwa mazungumzo ya pembeni. Ikisemwa, kwa mfano, kwamba muuguzi alionekana akitoka na katoni ya dawa, rekodi zipo. Kadi za stoo huonyesha kilichoingia na kilichobaki, fomu ya S11 huonyesha kilichoombwa na kutolewa, na dawa kali za maumivu kama mofini huwa na daftari lake maalumu. Huenda katoni hiyo ilikuwa ya kliniki ya kuhamahama vijijini, na huenda kweli kuna wizi. Ukaguzi ndio utakaojibu.

Hatua kwa muuguzi anayesingiziwa

1. Asijibu akiwa na hasira, hasa katika kundi la WhatsApp. Majibizano huwafikia hata wale ambao hawakuwa wamesikia lolote.

2. Aandike tarehe, saa, maneno yaliyosemwa na majina ya waliokuwapo. Ujumbe wa simu uhifadhiwe kama ulivyo.

3. Asitoe siri ya mgonjwa ili kujitetea. Hapa ndipo wauguzi wengi hubanwa. Jamaa ya mgonjwa anaweza kudai hadharani kwamba mgonjwa wao alitelekezwa, ilhali faili inaonyesha saa kila dawa ilipotolewa. Hata hivyo, Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inaifanya habari ya ugonjwa, matibabu na kulazwa kwa mtu kuwa siri. Muuguzi akipiga picha ukurasa wa faili na kuusambaza, anaweza kujikuta na kosa la kweli alipokuwa akijitetea dhidi ya lile la uongo. Faili hiyo ina nafasi yake mbele ya wanaochunguza.

4. Aripoti kwa maandishi kwa msimamizi wa wadi au wa kituo, na kuomba rekodi zikaguliwe. Ikiwa msimamizi ndiye chanzo cha maneno, barua iende kwa aliye juu yake au kwa ofisi ya wafanyakazi ya idara ya afya. Abaki na nakala iliyopigwa muhuri.

5. Akipewa barua ya kujieleza, ajibu ndani ya muda uliowekwa. Chini ya kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, mwajiri anayetaka kumfuta mtu kazi kwa utovu wa nidhamu lazima kwanza amweleze sababu katika lugha anayoielewa na kumsikiliza. Mfanyakazi ana haki ya kuwa na mwenzake, au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, katika kikao hicho.

6. Ikiwa jina lake limeharibiwa vibaya, apate ushauri wa wakili mapema. Kesi ya madai ya kuharibiwa jina hufunguliwa ndani ya miezi 12.

Wajibu wa wasimamizi

Uvumi hustawi pale habari inapokosekana. Ratiba ya zamu ikibandikwa ukutani mapema, na sababu za uhamisho na nafasi za mafunzo zikielezwa wazi, hakuna haja ya kubuni kwamba fulani anapendelewa. Dawa zikichelewa kufika, wagonjwa waambiwe hivyo, la sivyo watadhani zimeuzwa. Naye msimamizi anayeletewa maneno aulize kwanza: "Uliona mwenyewe, au uliambiwa?"

Mkazi mwenye malalamiko

Kuzuia uvumi hakumaanishi kuwafunga wananchi midomo. Wapo wahudumu wanaokosea, na mgonjwa aliyedhulumiwa ana haki ya kusema. Sheria ya Afya inampa kila mtu haki ya kulalamika kuhusu alivyohudumiwa na lalamiko lake lichunguzwe. Utaratibu wa kulalamika unapaswa kubandikwa mahali panapoonekana katika kituo.

Lalamiko lenye nguvu hutaja tarehe, saa, wadi, jina la mhudumu kama linajulikana, na kilichotokea. Lianzie kwa msimamizi wa kituo. Lisiposhughulikiwa, lipelekwe kwa idara ya afya ya kaunti. Makosa ya kitaaluma hupelekwa pia kwa Baraza la Wauguzi la Kenya, ambalo ndilo hutoa leseni kwa wauguzi na lina mamlaka ya kuwachukulia hatua. Madai ya hongo yapelekwe kwa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi.

Tofauti ya lalamiko na uvumi ni kwamba lalamiko lina mwenyewe na linaweza kuchunguzwa. Mwenye kosa akipatikana, hatua huchukuliwa. Asiye na kosa huendelea kuhudumia wagonjwa bila doa. Uvumi humwacha mwizi wa dawa akiendelea kuiba, huku muuguzi mwaminifu akitazamwa kwa jicho baya. Anayepokea ujumbe unaomtaja mhudumu wa afya kwa ubaya asiusambaze. Ikiwa anajua jambo la kweli, alipeleke mahali linapoweza kuchunguzwa.